Vioo Nilivyovifunga Hadi Kintinku

Mwanangu Mwanaidi,

Barua hii utaikuta kwenye siti ya dereva, chini ya taulo la kukalia. Isome kabla hujawasha gari. Habari za unga, blanketi, mashuka na namba za simu za ndugu mama yako ameshakueleza mara tatu, na kesho asubuhi, kabla hujaondoka kwenda Makete, atakueleza mara ya nne, kwa hiyo mimi sizigusi. Nina yangu ya kusema, na nimechelewa kuyasema kwa miaka kumi na saba.

Sasa hivi ni alasiri. Wewe uko Ilongero, umekwenda kumuaga bibi yako, na najua hutarudi mapema kwa sababu bibi hamwachii mtu aondoke na njaa, na akishakulisha ndipo anaanza masimulizi. Nimekaa barazani, gari ninalokupa liko mbele yangu limeoshwa na kupakiwa. Nimetoka kulizungusha mpaka ziwani na kurudi, nikiwa nimewasha hita katika jua hili la mwezi wa kumi, nihakikishe inafanya kazi. Vijana wa bodaboda walioniona natokwa jasho na vioo nimefunga lazima walisema mzee kachanganyikiwa. Wangejua kwamba hiyo si mara yangu ya kwanza.

Jana nilipokuwa nakuonyesha vitu vya gari nilitaka kukuambia. Uliinama chini ya dashibodi na tochi ya simu, ukauliza, "Baba, hii koki mpya ya nini?"

Nikakujibu, "Ya hita."

"Kwani ile ya zamani ilikuwa na shida gani?"

Nikasema ilikuwa imechoka. Ukainuka, ukafuta mikono, tukaenda kunywa chai. Nilikosa usingizi kwa ajili ya jibu hilo, maana ile koki ndiyo habari yenyewe.

Gari hili nililinunua mwaka ambao alizeti ilikubali mpaka mashine yetu ya kukamua ikawa haizimwi. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, kitambi kimeanza, nimechoka kuonekana mtu wa mafuta na mashudu tu. Kuna bwana mmoja Dar es Salaam alikuwa anahama nchi, anauza gari la michezo la Kijapani, milango miwili, viti viwili, na nyuma kijisehemu cha kuweka begi. Lilikuwa limeshazeeka hata wakati ule, lakini liling'aa, rangi ya bluu, limelala chini kama mjusi. Basi mimi, mwenye mashine ya alizeti, nikaleta Singida gari lisiloweza kubeba hata gunia moja. Mama yako alilizunguka mara moja, akaniuliza, "Na wadogo zake Mwanaidi watakaa wapi?"

Umeshaliendesha, unajua tabia yake. Liko chini, kioo cha mbele kimelala na jua linaingia lote. Siti ni nyeusi. Injini imebanwa karibu na miguu, na joto lake linapenya kwenye bati mpaka linakufikia magotini. Waliolitengeneza walitegemea AC ifanye kazi yote, nayo kwangu ilifanya kazi miezi minne. Gesi yake ilikuwa ya aina ya zamani ambayo mafundi hawana tena, ikavuja, ikaisha. Wakati huo nilikuwa nimeshautangazia mji mzima kwamba ndani ya gari langu mtu anahitaji sweta.

Sasa mtu aliyetangaza hivyo, AC ikifa, anafanya nini? Anafunga vioo. Ukipita na vioo wazi mwezi wa kumi, kila mtu anajua kwamba huna AC. Kwa hiyo nilipita sokoni nimefunga kila kitu, jasho linanitiririka mgongoni, nawapungia watu mkono. Nikifika nyumbani shati limelowa, mama yako akiuliza, nasema nilikuwa nasaidia kupakia mashudu. Unaweza kucheka hapo. Mimi mwenyewe hucheka mpaka nikumbuke mwisho wake.

Fundi mmoja hapa mjini aliingiza kichwa chini ya dashibodi akaniambia, "Bosi, koki ya hita imekwamia wazi. Maji ya moto ya injini yanazunguka humu ndani saa zote. Wewe hujakosa ubaridi tu, unapashwa moto." Akataka nimwachie gari siku mbili. Nikamwambia nitamletea nikitoka Dodoma. Kumbuka hapo, Mwanaidi: nilikuwa nimeshaambiwa.

Safari ile ya Dodoma ilikuwa zawadi yako. Ulikuwa na miaka minane, darasa la pili, umekuwa wa kwanza darasani, nami nilikuahidi kukupeleka kwa gari la baba, wewe na mimi tu. Ulivaa gauni lako la Idi la njano na soksi zilizopanda mpaka magotini. Tuliondoka saa tatu kwa sababu nilikuwa bado nalisugua gari. Mpaka Manyoni vioo vilikuwa wazi, upepo wetu wa huku juu unaingia, na wewe unaimba nyimbo za shule zote unazozijua, kisha unaanza upya.

Manyoni tukasimama kuweka mafuta. Nani akatokea? Mjomba wako Hamisi na pikapu yake. Unamjua kaka wa mama yako kwa utani.

"Shemeji," akasema, "hilo friji lako bado linagandisha?"

"Linagandisha."

"Basi leo nakufuata nyuma mpaka Dodoma, nione wakubwa wanavyosafiri."

"Nifuate," nikamwambia. Nikaingia garini, nikafunga vioo, nikabonyeza na ile swichi ya upande wangu inayozuia kioo cha abiria kisifunguke.

Nimeandika maneno hayo nikasimama kidogo, nikaenda kunywa maji.

Kuanzia Manyoni mpaka mteremko wa Saranda bado ulikuwa unaongea. Tulipoanza kushuka, hewa ya juu ikabaki nyuma yetu, na ile nchi tambarare ya chini ikatupokea na joto lake la saa sita. Feni nikiiwasha inapuliza moto, nikiizima hakuna hewa. Kwenye kioo cha nyuma namwona Hamisi, mkono umetoka nje dirishani, kastarehe.

Uliniambia, "Baba, nifungue kidogo?"

"Subiri kidogo."

"Baba, miguu inaungua."

"Vua viatu."

Nikakusikia unabonyeza swichi ya kioo, tik, tik, haifungui. Ukaniita tena. Nikakujibu, "Vumilia, mwanangu, mjomba yuko nyuma." Ulikuwa mtoto wa miaka minane; ungejuaje mjomba kuwa nyuma kunahusu nini na miguu yako? Baada ya hapo ulinyamaza. Na nilifurahi uliponyamaza. Nilidhani umelala.

Tulipoingia Kintinku ndipo nikakuangalia. Kichwa kilikuwa kimeangukia mlangoni, midomo imekauka, na paji la uso, nililodhani litakuwa na jasho, lilikuwa kavu na la moto. Nikakuita hukuitika. Sikumbuki nilivyosimamisha gari. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa anauza karanga ukutani mwa duka, alikuja akakuchukua mikononi mwangu bila kuniomba ruhusa, akakulaza kivulini, akalowesha khanga yake na kukufunika, akawa anakumwagia maji kichwani kidogo kidogo. Kisha akaenda kwenye gari, akaingiza mkono ndani, akautoa haraka.

"Baba," akaniambia, "mtoto huyu umempika."

Hamisi akafika mbio. "Vipi tena, shemeji? Kafanyaje?"

Nikajibu, "Ana homa tangu asubuhi."

Yule mama alinitazama. Nimekutana na watu wengi waliokasirika na mimi katika maisha, wengine kwa haki, lakini hakuna aliyenitazama vile.

Tukakupeleka zahanati. Wakapima malaria, hakuna. Nesi akasema umezidiwa na joto, akakupa maji yenye sukari na chumvi kwa kijiko, na baada ya muda ukafungua macho ukauliza, "Tumefika Dodoma?" Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo. Nililia kwa kweli, Mwanaidi, lakini nilipofuta machozi nilirudi ndani na uongo wangu ukiwa mzima. Nyumbani nikamwambia mama yako kwamba daktari kasema mwili wako hauvumilii jua. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Sikumwona hata daktari.

Wiki ile ile nikampelekea fundi gari. Hakuwa na koki nyingine, akaunganisha mipira ili maji yasipite tena kwenye hita, nayo ikafa moja kwa moja. Mwaka uliofuata injini ilipochemsha, fundi mwingine akatoa thamostati, kifaa cha kutunza joto la injini, akaitupa. "Hiki ni kidude cha nchi za theluji," akasema, "huku kwetu kinakusumbua tu." Nikamkubalia. Gari likaacha kupika watu, nami nikajiona nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza. Uongo wangu ulikuwa wa siku moja, lakini mama yako, kwa kukupenda, aliufanya utaratibu wa nyumba. Mwavuli. Kofia. Kutotumwa dukani mchana. Wadogo zako wanakwenda kucheza, wewe umeitwa ndani. Ukawa na jina mtaani, mgonjwa wa jua, na ukalizoea mpaka ukawa unajiita mwenyewe kabla hawajakuita wao. Kila mara nilisema moyoni nitaliweka sawa jambo hili, na kila mara mama yako alikuwa anakupaka maji usoni kwa upendo mwingi hivi kwamba nikaona aibu kumwambia kuwa hayahitajiki.

Ulipoingia kidato cha tano kule Kiomboi nilikupeleka mimi. Ilikuwa mwezi wa saba, alfajiri, upepo wa huko unajua kuuma. Hita nimeshaiua, thamostati haipo, na pumzi zetu zikajaza kioo cha mbele ukungu. Ulivua sweta jipya la shule ukawa unanifutia kioo, nami naendesha nimejifunika blanketi, tunacheka mpaka tukaipita njia panda tuliyotakiwa kukunja. Ni kumbukumbu nzuri, nami naipenda, lakini chini ya kicheko kile kulikuwa na swali dogo ambalo hukuniuliza: mbona gari hili halina hita?

Muhula wa pili nilikuja kukutembelea. Mwalimu wa michezo akanivuta pembeni. "Mzee, binti yako anakimbia," akasema. "Nimemwona jioni anawahi bwalo. Miguu ile si ya kukaa. Lakini kuna barua ya mama yake hapa, kwamba jua linamdhuru. Ni kweli?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Tulikuwa wawili tu, hakuna Hamisi, hakuna wa kunicheka. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikasema, "Ni kweli, mwalimu."

Nilipokuwa naondoka nikawaona wenzako uwanjani wanajipanga mstarini, na wewe umesimama pembeni na mwavuli, umeshikishwa saa ya kuwapimia. Ulinipungia mkono ukitabasamu. Kintinku nilikuumiza kwa kiburi cha saa moja. Kiomboi nilikuumiza nikiwa nimetulia kabisa, nikijua ninachofanya. Kati ya makosa mawili hayo, la pili ndilo linaloniamsha usiku.

Na bado ningeweza kunyamaza, nikwambie ukweli. Mtu akishazoea kunyamaza anaona kama ndiyo amani ya nyumba. Kilichonivunja ni maneno yako ya mwezi uliopita. Ulikuwa umepata kazi mbili. Moja ya viazi huko Makete, na nyingine ya mbegu za mpunga pale pale Kintinku. Mimi nakujua. Chuoni ulisomea mpunga, likizo nzima mwaka jana ulikuwa unatuchosha na habari za mpunga, ukauotesha hata kwenye ndoo hapa uani. Nikadhani umeshaamua. Ukanijibu, huku unakunja nguo, "Aa, Baba, mimi na jua la Kintinku wapi na wapi. Bora Makete. Huko baridi mtu anavaa koti yanaisha."

Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Hukusikitika. Ulikuwa umekubali kwamba mwili wako umekuchagulia, na mwili wako haujawahi kuchagua kitu. Aliyechagua ni mwanamume mmoja aliyeogopa kuchekwa na shemeji yake.

Leo mchana nimemwambia mama yako. Alikuwa anachambua choroko utakazobeba. Aliendelea kuchambua mpaka nilipofika mwisho. Kisha akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyemfungia."

Nikamwambia hapana, ni mimi.

"Wewe ulimfungia saa moja," akasema. "Mimi nimemfungia miaka kumi na saba, tena nikimshukuru Mungu kwamba nimemwokoa."

Nikamwambia nitakueleza ukirudi kutoka Ilongero, akakataa. "Ukisema kwa mdomo utapunguza. Nakujua, Baba Mwanaidi. Andika, na mimi nisome kwanza." Kurasa za mwanzo ameshazisoma. Pale kwenye habari ya Kintinku niliandika kwamba ilikuwa bahati mbaya. Amekata kwa kalamu yake, wala hakuniuliza. Hajaongea nami tangu hapo isipokuwa kuniuliza kama nataka chai. Nastahili hivyo, nawe usijaribu kutupatanisha.

Sasa gari. Mwezi huu wote uliponiona nashinda Dodoma kwa fundi, ulidhani ni mapenzi ya mzee na mjusi wake wa bluu. AC imebadilishwa, inatumia gesi inayopatikana sasa. Koki mpya nimeiweka kwa mikono yangu, inafunga na inafungua. Thamostati imerudi, kwa sababu bila yake injini haipati joto la kutosha, na hita ya Makete itakupulizia hewa ya uvuguvugu tu. Chini ya zulia nimetandaza blanketi nene na karatasi inayong'aa rangi ya fedha, joto la injini libaki kwenye injini. Mipira ya milango ni mipya. Ile ya zamani ilikuwa imekauka, inaingiza vumbi letu na ingekuingizia ubaridi wao. Ukiliacha juani, fungua milango yote miwili, utembee nalo kidogo vioo vikiwa wazi, hewa ya moto itoke, ndipo ufunge na kuwasha AC. Kwenye baridi kioo kikishika ukungu, washa hita na AC kwa pamoja, maana AC inakausha hewa. Hilo la mwisho nimelijua nikiwa na miaka hamsini na sita, baada ya kukufutisha kioo kwa sweta.

Ile swichi ya kuzuia kioo cha abiria nimeing'oa. Kuna tundu pale, utaliona. Atakayekaa pembeni yako, awe mume, mtoto au mgeni uliyempa lifti, akitaka kioo atafungua mwenyewe.

Sikuandika haya ili unisamehe kabla ya safari. Ukitaka kuondoka kesho bila kunipa shikamoo, nitakaa ndani mpaka utoke, na mama yako hatakulaumu. Nilichotaka ni usiondoke hapa ukiwa umebeba ugonjwa ambao haupo.

Siku zote nimekuwa nikikuhimiza kuondoka alfajiri, uwahi kabla ya jua. Kesho usiondoke alfajiri. Ondoka saa tatu. Njia ya Makete na njia ya Kintinku ni ile ile moja, ya Makete inapita hapo hapo Kintinku kwanza, na wale wa mpunga walikuambia wanasubiri jibu lako hadi mwisho wa mwezi. Gari nimeliandaa kwa kote kuwili, sitakupigia simu kukuuliza umeelekea wapi. Ila ukifika pale Kintinku, jua likiwa kichwani, simamisha, zima injini, shuka. Acha mwavuli garini. Tembea, na ukitaka kukimbia, kimbia, mpaka pale utakapoamua mwenyewe kugeuka. Kisha rudi kwenye gari, washa, uende unakotaka.

Ni mimi baba yako, niliyekudanganya, na ninayekupenda.